Mlinganyo wa Bamba la Shaba

Mtu wa nne kupigiwa simu asubuhi ile naye hakuwa ameisoma makala ya Profesa.

"Kuisoma kivipi?" aliuliza, kwa sauti ya mtu aliyeulizwa kama ameoga. "Hiyo ni kazi inayojulikana, mama. Kila mtu anaitaja."

"Na wewe umeitaja katika makala zako zote," alisema Inspekta. "Ndiyo maana nakuuliza wewe. Inasema nini?"

Upande wa pili kiti kililia, kisha zikasikika karatasi zikipekuliwa.

"Inahusu joto," mtu yule alisema mwishowe. "Joto linavyotoka kwenye tabaka jembamba sana. Mlinganyo wenyewe uko kila mahali, hauna haja ya kwenda kuufukua. Na hata ukiifungua hiyo makala, katikati ameandika 'ni rahisi kuonyesha kwamba', halafu mlinganyo unafuata. Sasa kama ni rahisi, mimi nihangaike nini?"

Inspekta alimshukuru, akakata simu, akalaza paji la uso juu ya jalada la kesi.

"Huyo naye?" aliuliza Sajini.

"Huyo naye."

Sajini alikuwa mtu mnene aliyekaa kazini muda mrefu kuliko viti vya kituo. Alikuwa akimenya karanga na kuyapanga maganda yake mstari mmoja ukingoni mwa meza. "Afande, tumegeuka wasimamizi wa mtihani," alisema. "Na darasa zima halikusoma."

Walikuwa wameazimwa chumba nyuma ya maktaba ya chuo, chumba cha kuwekea viti vilivyovunjika. Feni ya dari ilikuwa ikizunguka kivivu, ikipeperusha karatasi ambazo Inspekta alizikandamiza kwa kila alichokipata: simu, pingu, kopo la karanga la Sajini. Siku ya tatu hiyo, na jalada lilikuwa limenenepa bila kusema kitu.

Kesi yenyewe ilikuwa ya Profesa wa fizikia ya nadharia, mzee ambaye wanafunzi walimwita Mzee wa Mlinganyo. Alipokuwa kijana aliandika makala moja, na ndani yake mlinganyo mmoja, na dunia ya wenzake ikaushika. Katika kazi yao, msomi akiandika jambo hutaja mwishoni kazi za wengine alizoziegemea, na kila kutajwa kunahesabiwa. Anayetajwa sana ndiye mkubwa. Profesa alitajwa kuliko mtu yeyote aliyewahi kupita chuoni hapo. Mlinganyo wake ulichongwa kwenye bamba la shaba mlangoni mwa jengo la fizikia, na chuo kilikuwa tayari kumkabidhi taasisi mpya ya utafiti aiongoze.

Kisha mwaka huu hesabu yake ikaruka juu ghafla. Zilizuka makala za watu wasiokuwepo, kutoka vyuo visivyokuwepo, katika majarida ya mtandaoni yanayopokea chochote yakitumiwa, na kila moja ilimtaja Profesa. Ndani yake hakukuwa na kitu. Zilikuwa aya zilizokwapuliwa huku na huku, zikashonwa pamoja kama viraka. Mtu akalalamika kwamba mzee anajipandisha mwenyewe. Baraza la chuo lilikuwa likutane alasiri ya siku hiyo hiyo. Kama polisi wasingemsafisha, mzee asingepata taasisi, angefukuzwa kazi, angevuliwa uprofesa, na bamba la mlangoni lingeng'olewa.

"Turudie," alisema Inspekta.

"Tumesharudia mpaka karanga zimeisha."

"Turudie, Sajini."

Sajini alihesabu kwa vidole. "Mafundi wa mtandao wanasema makala zote bandia zilitumwa na kompyuta moja, ile ya chumba cha kusomea cha idara. Mchana, saa za kazi. Ufunguo wa chumba wanao watu watatu. Profesa mwenyewe. Mkuu wa Idara, ambaye anaitaka taasisi hiyo hiyo mpaka anaiota. Na yule mhadhiri wa kike aliyefundishwa na Profesa, ambaye mkataba wake unaisha muhula huu. Na kando ya kompyuta tumekuta miwani ya Mkuu wa Idara. Mimi ningekuwa nimeshafunga pingu."

"Mlete."

Mkuu wa Idara aliingia amevaa suti iliyobana, akatafuta kiti kizima, akakikosa, akakalia kilichovunjika kwa uangalifu mkubwa.

"Mzee Profesa ni kama baba yangu," alianza.

"Miwani yako tumeikuta kando ya kompyuta ya chumba cha kusomea," Inspekta alimkatiza. "Ulikuwa ukifanya nini pale?"

Mkuu wa Idara alitazama mlango. "Lazima niseme mbele yake?" Alimwonyesha Sajini kwa kidevu.

"Mbele yake na mbele ya hii karatasi."

"Nalala, mama."

"Unasema?"

"Mchana huwa naingia mle, nafunga mlango, nalala. Ofisini kwangu simu haikomi. Mto uko kwenye droo ya chini. Naomba yasifike kwa mke wangu, anadhani nachoka kwa kazi."

Sajini alitoka, akarudi baada ya muda na mto mdogo wenye ua la kufumwa, akauweka juu ya meza. Ulikuwa umeingia shimo la kichwa katikati.

Inspekta alichukua kalamu yake ya wino mzito, ile ya kuandikia mifuko ya vielelezo, akaiweka tena chini. Hakuna baraza duniani ambalo angelipelekea mto.

"Bado sijakuacha," alimwambia Mkuu wa Idara. "Kaa karibu."

Alipotoka, simu iliita. Alikuwa mama yake Inspekta, ambaye hakuwahi kukubali kwamba saa za kazi ni za kazi.

"Mwanangu, umeshamkamata mwizi wako?"

"Mama, niko kazini."

"Najua. Jirani ananiuliza ameiba nini, nakosa la kusema."

"Hajaiba kitu. Wametokea watu wa uongo, wamemtaja mara nyingi."

"Kwa ubaya?"

"Kwa uzuri."

"Kumbe siku hizi kusifiwa ni kosa?"

"Ukisifiwa na watu ambao hawapo, ndiyo."

"Basi marehemu baba yako angefungwa maisha," alisema mama, akakata simu.

Sajini alicheka mpaka akashika ukuta. Inspekta hakucheka. Alikuwa ameinamia jalada, na mkono wake ulikuwa umeanza kuondoa vizuizi juu ya karatasi, kimoja kimoja.

Kabla ya kuletwa kitengo hiki alifanya kesi za vyeti bandia. Huko hakuhitaji kujua mtu amesomea nini. Alichotazama ni muhuri. Siku tatu hizi alikuwa akihangaika kuelewa fizikia kana kwamba anakwenda kufanya mtihani, na kichwa kilikuwa kikimuuma bure.

"Zima feni," alisema. "Saidia kuzilaza chini. Za kweli kushoto, bandia kulia. Sitaki kusoma. Nataka kuona mlinganyo tu, mmoja baada ya mwingine."

Walipiga magoti. Kushoto waliweka makala ya Profesa ya ujana wake, na chini yake makala za wasomi waliokuwepo kweli, waliomtaja kwa miaka yote. Mlinganyo ulikuwa ule ule: herufi tatu juu ya mstari, mbili chini. Inspekta alitambaa kutoka karatasi hadi karatasi akiupitishia kidole. Kisha akahamia kulia.

Alisimama kwenye karatasi ya kwanza. Akaenda ya pili. Akarudi ya kwanza.

"Sajini, njoo uone. Mbele ya herufi hapa pana nini?"

"Mbili."

"Na hapa?"

"Mbili."

"Na kushoto?"

Sajini alichungulia. "Kushoto hakuna. Si makosa ya kuchapa hayo?"

"Katika zote? Aya zote hizi zimekwapuliwa, hata nukta hazikuguswa. Mlinganyo peke yake umeandikwa upya kwa mkono wa mtu, na kila mara mtu huyo ameweka mbili ambayo Profesa hakuiweka. Twende kwa mzee."

Ofisi ya Profesa ilikuwa ghorofa ya juu, na ubao mweusi ulichukua ukuta mzima. Mzee alikuwa amesimama, maana viti vyote vilijaa vitabu. Alizipokea zile karatasi mbili, akazitazama, na mshipa ukamtoka kwenye paji la uso.

"Mbili? Nani ameweka mbili hapa?"

"Ndilo swali langu."

"Mtu asiyejua fizikia! Unaona sasa? Mnaniambia nimeandika takataka hizi mwenyewe. Mimi nitaukosea mlinganyo wangu? Nikiwa usingizini siwezi kuukosea!"

"Una hakika haipaswi kuwepo?"

"Inspekta, unajua mlinganyo huu umetajwa mara ngapi?"

"Sikuuliza umetajwa mara ngapi."

"Lakini hilo ndilo jibu." Alimrudishia karatasi. "Watu wote hao, miaka yote hiyo, wasione?"

"Katikati ya makala umeandika ni rahisi kuonyesha. Nionyeshe."

Profesa aliutazama ubao, akatazama saa ya ukutani. "Nina wito wa baraza alasiri, na sijajua kama nitatoka humo nikiwa mtu. Huu si wakati wa kufundisha hatua za wanafunzi." Akafungua mlango, akaushikilia mpaka walipotoka.

Kwenye ngazi Sajini alishuka taratibu, mkono kwenye ukuta. "Amekasirika kwa ile mbili kuliko kwa kesi yenyewe. Huyu si yeye."

"Au ameiweka makusudi ili tuseme hivyo."

"Afande, ukifikiri hivyo hatutalala tena."

"Baraza ndivyo litakavyofikiri," alisema Inspekta, akapiga chuma cha ngazi kwa kiganja. "Turudi kwa mwenye mto. Nataka wote wenye ufunguo waandike mlinganyo huo mbele yangu, bila kuambiwa kwa nini."

Mkuu wa Idara walimkuta maabara, ameinamia mashine ndogo yenye nyaya nyingi. Alipoombwa kuandika mlinganyo wa Profesa kwenye ubao, alicheka, akaandika nusu yake, akakwama, akaenda dirishani akachungulia mlango wa chini lilikokuwa lile bamba. Halikuonekana kutoka pale. Ikabidi afungue kitabu.

Aliandika bila mbili.

"Unanisamehe," alisema, akipangusa chaki. "Mimi ni mtu wa vipimo. Nadharia nawaachia wenyewe. Mlinganyo tunautumia tu hapa kila siku, na hii mashine inavyotusumbua..."

"Inasumbua nini?"

"Inapima joto linalotoka. Kila tukipima linatoka mara mbili ya mlinganyo. Basi tunagawa kwa mbili. Tunaita marekebisho ya kifaa."

Inspekta alimtazama. "Kila mara, mara mbili?"

"Kila mara. Hata mashine mpya tuliyoletewa ina ugonjwa huo huo. Tumewaandikia waliotuuzia."

Sajini alikohoa, akageukia dirisha. Inspekta alifungua mdomo aulize swali moja zaidi, akaona mtu aliye mbele yake hana hata chembe ya wasiwasi, akaufunga. Huyu angeweza kuitaka taasisi mchana kutwa. Ile mbili hakuwa nayo kichwani. Alikuwa nayo mkononi miaka yote na kazi yake ilikuwa kuitupa.

Alibaki mmoja.

Mhadhiri alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kipindi. Wanafunzi walikuwa wakitoka wakisukumana, naye alikuwa akifuta ubao kwa mapana, mwanamke mwembamba mwenye chaki mpaka kwenye nyusi. Alimwona Inspekta mlangoni, akaendelea kufuta mpaka mwisho wa ubao.

"Dada, nilidhani mtaanza na mimi," alisema. "Mtu ambaye mkataba wake unaisha huwa wa kwanza kushukiwa."

"Wewe ni mwanafunzi wake. Kila mtu anasema unampenda."

"Amenifundisha kila ninachokijua."

"Niandikie mlinganyo wake, mwalimu. Hapo ubaoni."

Mhadhiri alichukua chaki. Alimtazama Inspekta, akamtazama Sajini aliyekuwa amejibana kwenye dawati la mwanafunzi, akageuka. Aliandika polepole: herufi tatu juu, mstari, mbili chini. Kama ulivyo kwenye bamba. Akaiweka chaki kwenye ukingo wa ubao.

Inspekta aliitafuta ile mbili, hakuiona. Siku tatu, na ameambulia patupu.

"Asante," alisema. "Basi. Unaweza kwenda."

Mhadhiri alichukua mkoba wake, akavuka chumba, akashika kitasa cha mlango. Hapo akasimama. Sajini alianza kujikwamua kwenye dawati, Inspekta akamzuia kwa kidole.

"Mmeacha ubao ukiwa hivyo," alisema mhadhiri bila kugeuka. "Kuna darasa linaingia saa hii."

"Kuna ubaya gani?"

Mhadhiri aliachia kitasa. Alirudi kwa haraka, mkoba ukimgonga nyongani, akaokota chaki, akaandika 2 mbele ya herufi ya kwanza, kubwa, chaki ikavunjika. Kisha akakaa kwenye jukwaa la mwalimu.

Nje kengele ya kubadilisha vipindi iliita ikanyamaza.

"Ungeondoka," alisema Inspekta. "Sikuwa na kitu kingine juu yako."

"Najua."

"Na katika makala bandia ungeuandika bila mbili. Tusingekufikia maisha."

"Makala zile ni takataka, dada. Majina ya uongo, vyuo vya uongo. Hayo yote niliyaweza." Alijifuta nyusi, chaki ikazidi kuenea. "Lakini kuandika kwamba joto linatoka nusu? Halitoki nusu."

Alirarua karatasi kwenye daftari, akaisimamisha kati yao kwa ncha za vidole. "Hili tabaka. Joto linatoka huku." Alipuliza upande mmoja. "Na huku." Akapuliza wa pili. "Profesa alihesabu upande mmoja. Wa pili umezama mle alimoandika ni rahisi kuonyesha. Nilipokuwa mwanafunzi wake nilikaa niuonyeshe. Haikuwa rahisi. Nilipomaliza nikakuta mbili."

"Ukampelekea."

"Nikamwekea mezani. Hakuigusa. Akasema, binti, kahesabu kwanza mimi nimetajwa mara ngapi, halafu urudi uniambie nimekosea. Nikaandika makala. Majarida matano yakaikataa, yote jibu moja: mlinganyo huu unatajwa na kila mtu, hauwezi kuwa na kosa. Kutajwa mimi sijatajwa hata mara moja. Asiyetajwa mkataba haufanywi upya." Alicheka kidogo, bila furaha. "Kwa hiyo nikamtaja. Yeye alisema hesabu ndiyo hoja. Nikamwongezea hesabu, ili waone inavyotengenezwa. Nilidhani mtu mmoja, mmoja tu, atafungua moja ya zile takataka aulize mbona hapa pana mbili. Miezi yote hiyo wakahesabu tu. Kisha wakamlalamikia yeye."

"Ungejitokeza."

"Kila siku nilisema kesho."

Sajini alikuwa ametoa karatasi ya maelezo, lakini hakuanza kuandika. "Afande," alisema, "jambo hili baraza halitalikubali. Mwanafunzi anayempenda mwalimu wake anakuja saa ya mwisho kubeba msalaba? Watasema wamepanga."

Inspekta alikuwa ameshaliona hilo. Ukiri bila ushahidi ulikuwa mto mwingine tu. Kitu pekee kilichomfunga mhadhiri na makala zile ni ile mbili. Na aliyeweza kusema kwamba mbili ilikuwa yake, kwamba aliileta miaka iliyopita, ni mtu mmoja, na mtu huyo hakuwahi kuitazama.

"Hiyo kazi uliyomwekea mezani," alisema, "unayo?"

"Aliisukumia kwenye kiti cha kando ya meza. Imo mpaka leo, chini kabisa ya vitabu."

Profesa alikuwa amevaa koti la baraza walipofungua mlango. Inspekta hakubisha hodi mara ya pili. Alipiga magoti mbele ya kiti kilichokuwa karibu na meza, akatoa vitabu kwa mikono miwili mpaka chini kabisa, akainuka na karatasi chache zilizobanwa na pini iliyoshika kutu.

"Hii aliileta nani?"

Mzee alisoma jina. "Binti yule. Zamani. Mambo ya wanafunzi."

"Uliisoma?"

"Inspekta, baraza linakaa sasa hivi."

"Profesa, nisikilize vizuri, maana mimi nimechoka na wewe umechelewa. Aliyeandika makala bandia ni yeye. Amekiri. Ili baraza liamini, wewe lazima useme kwamba mbili ile ni yake tangu siku alipokuletea hii. Na huwezi kusema hivyo bila kukiri iliyomo ndani. Usiposema, wewe ndiye uliyejitaja, na bamba linang'olewa alasiri hii."

"Na nikisema?"

"Hilo sijui. Mimi si mtu wa fizikia."

Mzee alisimama na koti lake. Alifungua ukurasa wa kwanza kama mtu anayefungua mlango wa nyumba ya jirani. Ukurasa wa pili aliusoma akiwa anatembea. Wa tatu alikwenda nao ubaoni, akaanza kuandika, akaandika haraka, akishuka mstari kwa mstari kutoka mahali ambapo ujanani aliruka. Inspekta hakuelewa hata alama moja. Alitazama mgongo. Ulikuwa ukienda vizuri, vizuri, halafu ukasimama.

Mzee alifuta mstari mmoja kwa kiganja. Akauandika tena. Ukatoka vile vile.

"Upande wa pili," alisema.

Chini magari ya wajumbe yalikuwa yakiegeshwa. Milango ilifungwa, sauti za salamu zikapanda.

"Nilikuwa nikiwaambia darasani," alisema Profesa, bado anautazama ubao, "msikubali kitu kwa sababu nimekisema mimi. Kila mwaka niliwaambia. Akanisikia mmoja." Alijipangusa mdomo kwa mkono wenye chaki. "Atafungwa?"

"Siamui mimi. Alichokufanyia ni kosa."

"Nami nilichomfanyia?"

"Hicho hakipo kwenye vitabu vyangu."

Mzee alichukua kipande cha chaki, akatoka. Inspekta alimfuata ngazi zote, akidhani anakwenda ukumbini, lakini Profesa alipita mlango wa ukumbi kama hauoni, akatoka nje kwenye jua. Wajumbe wa baraza walikuwa wakipanda ngazi za mbele. Waliona mzee wa koti amewapa mgongo, uso kwa uso na bamba la shaba, wakapunguza mwendo. Mkuu wa Idara, aliyekuwa katikati yao, alianza kutoa salamu, akaiacha njiani.

Profesa aliinua chaki, akaandika mbele ya herufi ya kwanza. Chaki iliteleza juu ya shaba. Akakandamiza. Ilidondoka unga bila kuacha alama.

"Inspekta," alisema bila kugeuka, "una kitu kinachoandika kwenye chuma?"

Inspekta alipapasa mfuko wa koti. Alitoa kalamu ya wino mzito ya vielelezo, akaishika kidogo.

"Hii haifutiki, Profesa."

Mzee alinyoosha mkono nyuma, kiganja juu, akangoja apewe.